Chupa Zilizooshwa kwa Majivu

Wanangu mnaofanya kazi za maabara siku hizi, sina ugomvi nanyi. Juzi nilipita pale mjini Bukoba nilipofanyia kazi, kijana mmoja akanikaribisha kwa heshima zote, akanionyesha mashine mpya. Unapanga vichupa vyako kwenye kisahani, unabonyeza kitufe, unaenda kunywa chai. Ukirudi, kila kitu kimeshaandikwa: risasi kiasi hiki, zebaki kiasi hiki, kadimi kiasi hiki. Nikamuuliza chupa zake anaziosha vipi. Akaniambia, "Bibi, siku hizi tunanunua zilizo tayari." Nilikuwa naangalia lile karo la kuoshea chupa nililoliinamia karibu nusu ya maisha yangu, wameweka ubao juu yake na juu ya ubao wameweka printa. Nilirudi nyumbani Kahororo, nikasukuma sahani ya ndizi pembeni, na wanaonijua watawaambia kwamba hilo si jambo la kawaida.

Jina langu Kokushubira, wengi huniita Koku. Kazi yangu ilikuwa kupima metali nzito kwenye maji, udongo, samaki na majani. Zinaitwa nzito, lakini tulikuwa tunazitafuta zikiwa kidogo mno, kidogo kuliko chembe ya chumvi kwenye pipa la maji. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kitu kikiwa kingi hata mjinga atakiona. Kikiwa kidogo namna hiyo, unaweza kukileta wewe mwenyewe kwenye kucha zako, halafu ukamsingizia mto.

Watu hawakuielewa kazi yetu, na siwalaumu. Wakisikia "anapima metali" walifikiri dhahabu. Mzee mmoja wa Kanazi alinifuata mpaka kanisani na udongo wa kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, ameufunga vizuri kwenye jani la mgomba, akaniomba nimwangalizie bila kumwambia mtu, hasa kaka yake. Nilimpimia. Nilipomwambia hakuna dhahabu ila udongo wake ni safi kabisa, hauna risasi wala aseniki, alinitazama kwa masikitiko makubwa. Mpaka anakufa alikuwa akiniona anatikisa kichwa, najua aliamini nimemficha.

Aliyenifundisha ni Ta Kagaruki. Nikisema Ta, wenzangu wa huku mnajua, ni baba mwenye heshima zake. Alikuwa mfupi, kandambili miguuni mwaka mzima, na alipenda kupiga mluzi wa nyimbo za kanisani akiwa anaosha chupa. Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki, na alinitania kwamba Walutheri tunaosha chupa haraka kwa sababu hatuna subira ya rozari. Chupa zilikaa kwenye asidi hafifu mchana kutwa na usiku kucha. Kisha zinasuuzwa mara tatu kwa distila, yaani maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake mpaka yamebaki maji matupu. Kisha unaacha ndani asidi hafifu kidogo, unafunga, na hakuna mtu kuifungua mpaka imefika kwenye maji ya kupimwa. Ta Kagaruki alisema chupa ikishaoshwa hivyo usiiangalie hata kwa jicho baya.

Tulikatazwa pete, tukakatazwa mafuta ya kujipaka, poda na rangi ya mdomo, maana vyote hivyo vina metali ndani yake. Msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, ndio ulikuwa mtihani. Jamani, mnatutaka Wahaya tukae na senene wa kukaanga nje ya mlango na sisi tuko ndani? Siku moja niliingia na pakiti mfukoni mwa koti, nikawa nachomoa mmoja mmoja. Vipimo vya zinki vya siku ile vilipanda na kushuka bila mpangilio, hakuna aliyeelewa. Ta Kagaruki hakuuliza nani. Alitupanga mstari, akatutazama midomo, akafika kwangu akasimama. Niliosha chupa za maabara nzima wiki mbili.

Natamani hata adhabu ile irudi. Natamani ule moto wa mashine yetu ya zamani, mwembamba, wa buluu. Ulikuwa unavuta sampuli kwa kimrija chembamba, inaingia motoni, na wewe umekodolea macho mshale. Kila metali ilikuwa na taa yake, na kubadilisha taa ilikuwa shughuli ya kushikilia pumzi. Dirishani ziwa linaonekana, harufu ya asidi kooni, Ta Kagaruki anapiga mluzi. Nyumbani kwangu sasa kimya mno. Nikiosha vyombo, nasuuza mara tatu, na hakuna wa kunicheka.

Lakini sikuwaita kuwahadithia senene. Nataka niwaambie kosa langu, kwa sababu mtakaponisifia siku nimekufa, nisingependa mnisifie uongo.

Tulikuwa na desturi moja ambayo mkinisahau mimi msiisahau hiyo. Kila tulipokwenda kuchukua maji, tulibeba chupa moja ya ziada iliyojazwa distila hapo hapo maabara. Inasafiri na nyingine, inafunguliwa zinapofunguliwa nyingine, inatiwa matone yale yale ya asidi, inarudi nazo, inapimwa nazo. Ta Kagaruki aliiita shahidi. Maji ya shahidi tunajua ni matupu. Kwa hiyo ukikuta risasi ndani ya shahidi, risasi hiyo haikutoka mtoni, imetoka kwako, kwenye chupa zako, mikono yako, au gari lako. Alikuwa akisema, "Shahidi akipatikana na hatia, mshtakiwa aachiwe."

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, sijathibitishwa kazini, nilipotumwa peke yangu mara ya kwanza. Ni Muleba, mlimani, mbele kidogo ya Rubya. Kulikuwa na mradi wa maji. Chemchemi itakayopita vipimo itajengewa, na maji yatapandishwa kwa bomba hadi juu kwenye nyumba za watu. Isiyopita itafungwa. Chemchemi niliyotumwa ilikuwa bondeni, chini ya kibanja cha mama mmoja mjane, Ma Anjelina. Baba yake ndiye aliyeichimbua na kuipanga mawe, na kijiji kizima kilichota pale bila kuulizwa chochote.

Ma Anjelina alinipokea mlangoni kama mtoto wake aliyetoka mbali. Mvua ilikuwa inanyesha, akasema siwezi kushuka bondeni kwenye utelezi ule, nikae kwanza. Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mnavyojua, mgeni hajafika mpaka ametafuna. Tukaongea, naye akawa anatoka nje na kurudi. Akaniambia magoti yake yamechoka na ule mlima. Akaniambia ameshatoa kipande cha kibanja bure, bomba lipite. Kila alipolitaja bomba alikuwa anatabasamu na kutazama pale uani ambapo wamemwambia koki itasimama. Alisema, "Mwanangu, nikifungua maji nikiwa nimesimama hapa kwangu, hata siku moja tu, basi." Sijaongeza neno.

Mvua ilipokatika nilitoka nje kuchukua chupa zangu nilizoziacha barazani. Hazikuwepo. Nikaziona kwenye kichanja cha vyombo, zote sita, zimepinduliwa, zinang'aa kwa jua. Ma Anjelina aliniona ninavyotazama, akafurahi. Akaniambia alizikuta zina vimaji vichungu ndani, akavimwaga, akazisugua kwa majivu na jani kavu la mgomba hadi zikatakata. Mgeni hawezi kuondoka nyumbani kwake na chombo kichafu.

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Ningesema, waitu mama, kama tunavyomwita mtu kwa heshima huku kwetu, chupa hizi zimeharibika, sio kwa ubaya, nitarudi wiki ijayo na nyingine. Maneno hayo ni mepesi, mtoto wa shule anaweza kuyasema. Lakini wewe umelelewa Uhaya. Mama wa umri ule amekuoshea chombo chako kwa mikono yake, utasimama uani kwake umwambie amekiharibu? Nilipiga goti, nikamshukuru. Nikashuka bondeni nikazisuuza chupa kwa maji ya chemchemi, mara tatu, halafu mara tatu tena, nikajiambia yametosha. Nilijaza tano. Ya sita, ya shahidi, nayo ilikuwa imemwagwa, lakini nilikuwa na distila ya akiba kwenye mkoba, nikaijaza upya. Zote nikazitia matone ya asidi, nikarudi mjini.

Mnaojua kazi mmeshang'amua. Majivu yaliyoganda kwenye kuta za chupa, maji hayayatoi. Asidi inayatoa. Nilikuwa nimeyaandalia safari nzuri kabisa.

Kesho yake nilipima peke yangu, Ta Kagaruki yuko msibani. Nilianza na chupa ya kwanza ya chemchemi, mshale wa risasi ukapanda. Ya pili ukapanda. Zote tano. Nikapima shahidi, mshale ukapanda vile vile. Nilikaa kitini. Nilijua, wanangu. Msije mkadhani sikujua.

Kichwa kikaanza kunitafutia njia. Nikisema nimepokea chupa zilizooshwa kwa majivu, nitaulizwa kwa nini nilizijaza. Sijathibitishwa kazini, watanirudisha nyumbani. Halafu nikajiambia, chupa tano zinasema neno moja, huenda kweli chemchemi ni mbaya, nani anajua, na shahidi labda nimemchafua mwenyewe kwa mikono wakati wa kujaza. Nikachukua kitabu, kwenye mstari wa shahidi nikaandika: ilivuja njiani, haikupimwa. Nikatia sahihi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunika mpaka kichwani.

Ripoti ilikwenda kwa wenye mradi. Wiki chache baadaye chemchemi ilizungushiwa miti, ikawekwa kibao: MAJI HAYA HAYAFAI. Niliambiwa na mtu aliyetoka huko, akilihadithia kama habari ya kawaida. Watu walikuwa wanachota sasa bonde la pili, mbali zaidi, na kupanda kwake ni mara mbili. Alipomaliza akaongeza kwamba yule mama mwenye chemchemi watu hawaendi tena kwake, maana kahawa yake ameichemsha na maji yale miaka yote. Akacheka kidogo. Mimi nilithibitishwa kazini mwezi huo huo, nikanunua keki.

Ilipita miezi saba. Ta Kagaruki alikuwa na tabia ya kupitia vitabu vyote vya mashahidi mara moja kwa mwaka, mstari kwa mstari, akipiga mluzi. Mchana mmoja mluzi ukakatika. Akaniita, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu.

"Chupa hii ina mfuniko wa kuzungusha," akasema. "Imevujaje peke yake, na nyingine tano zikafika salama?"

Nilifungua mdomo nidanganye, nikasikia nalia. Nilimwambia yote, majivu, kichanja, goti nililopiga, mshale. Hakunipigia kelele. Alivua miwani akaiosha bombani, akaikausha kwa shati, akaivaa. Ndipo akasema neno ambalo nimekuwa nalo tangu siku ile.

"Mashine ilikuambia kweli, Koku. Wewe ukaiziba mdomo."

Nilimwomba twende siku hiyo hiyo nikamwangukie yule mama. Akakataa. Akasema tukapime kwanza, kwa sababu kuomba msamaha bila jibu mkononi ni kumtwika mtu mzigo wako akubebee. Tukaosha chupa sisi wawili, yeye hakupiga mluzi hata kidogo, tukazifunga ndani ya mifuko miwili miwili.

Tulipofika kwa Ma Anjelina, alikuwa amekonda. Alitukaribisha ndani, akaleta kile kikapu cha kahawa, halafu akasita nacho katikati ya chumba. Akasema anajua hatutakula, watu hawali tena kwake, lakini hawezi kutukalisha bila kitu. Ta Kagaruki, mtu ambaye hakuwahi kuamini kitu kisichopimwa, mtu aliyesuuza hata kikombe cha chai cha mke wake, alinyoosha mkono, akachota kahawa, akatupia mdomoni akatafuna. Akaniangalia. Nami nikachota. Ma Anjelina akakaa chini, akafunika uso kwa kanga.

Tuliteremka tukachukua maji, safari hii kila mtu akitazama mkono wa mwenzake. Tulipofika juu, Ta Kagaruki aliingia jikoni akaomba majivu kidogo, na akauliza kuni wanatoa wapi. Nyuma ya jiko kulikuwa na mbao za zamani, mlango na madirisha, zina rangi za mafuta tabaka juu ya tabaka. Mtoto wa Ma Anjelina alizinunua kwenye jengo moja kuukuu lililobomolewa mjini, akamletea mama yake awe anawasha msimu wa mvua, kuni zikiwa mbichi. Rangi za zamani zile zilikuwa zinatiwa risasi. Ta Kagaruki alikwangua kidogo kwa kipande cha plastiki, akafunga mfukoni, akamwambia kwa upole mbao hizo asiziwashe tena mpaka tumletee jibu, na vyombo avisugue kwa mchanga.

Jibu lilikuja. Maji ya chemchemi yalikuwa safi kuliko ya bombani kwetu mjini. Shahidi alikuwa mtupu. Majivu yalikuwa na risasi tele, na rangi ndiyo zaidi. Mtu mmoja ofisini aliniambia mbona nimepata bahati, kosa langu limegundua sumu iliyokuwa jikoni na wajukuu wa yule mama wakasalimika. Nilimwambia aache maneno hayo. Ningesema ukweli siku ile ya kwanza, majivu tungeyapata siku ile ya kwanza.

Ta Kagaruki alinituma nikapeleke jibu peke yangu. Nilimkuta Ma Anjelina anapukuchua mahindi. Nilikaa mkekani, nikaanza mwanzo, nikamaliza mwisho. Hakunikatiza. Nilipotaja majivu, mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyezichafua."

"Hapana, waitu. Wewe ulinioshea chombo. Mimi niliona, nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliona aibu. Mama mzima kama wewe, nikuambie umekosea?"

Akanitazama. Sijapata kutazamwa vile kabla wala baada. "Uliona aibu ya dakika moja," akasema, "ukanipa mimi ya miezi saba."

Akarudi kwenye mahindi yake, na baada ya kitambo akanisogezea ungo wa pili ili nami nipukuchue. Tulimaliza gunia zima.

Sasa mnategemea niwaambie bomba likajengwa. Barua ziliandikwa, Ta Kagaruki alizipeleka mwenyewe kwa mkono, hata kibao kikang'olewa na miti ikaondolewa. Lakini mradi ulikuwa umeshasonga, mabomba yamekwenda kilima kingine ambacho chemchemi yake ilipita vipimo kwa wakati. Tuliambiwa tusubiri awamu ijayo. Watu wakarudi kuchota kwa Ma Anjelina, wakarudi pia kutafuna kahawa yake, na hilo nilimshukuru Mungu. Ila maji yakabaki bondeni, na magoti yake yakabaki yale yale. Karatasi inaweza kusahihishwa, wanangu. Nimesahihisha nyingi. Muda uliopita na karatasi mbovu hausahihishwi.

Nikaanza kwenda. Sikuagizwa na mtu. Likizo zangu zote, na Jumamosi nilizoweza, nilipanda gari la Muleba, nikashuka, nikatembea hadi kwake. Nikifika, ananipa dumu. Hakuwahi kuniambia asante, na mimi sikutaka aniambie. Nilishuka na kupanda mpaka pipa la uani limejaa, ndipo tukaketi, ndipo kahawa ikaja. Ta Kagaruki alijua ninakokwenda, hakuuliza, ila Ijumaa alikuwa ananiachia niondoke mapema. Yeye alitangulia. Nilikuwa msibani kwake Kanazi, nikasikia kwaya inaimba wimbo mmoja wa mluzi wake, ikabidi nitoke nje.

Miaka ikaenda. Nikapata watoto, wakaja nao wakabeba madumu madogo, wakalalamika njia nzima. Ma Anjelina akazeeka hadi akawa hatoki kitandani, lakini akisikia sauti yangu mlangoni alikuwa ananyoosha kidole tu kuelekea kwenye dumu. Wajukuu wake walikuwa wakubwa, wenye nguvu, wangeweza kuchota wenyewe. Alingoja nije. Sijui kama ilikuwa adhabu au mapenzi. Sikumuuliza, na sasa hivi, nikiwa nimestaafu na siku zangu ni ndefu, ndicho kitu ninachotamani kuliko vyote: nimuulize.

Alifariki mwaka nilioachia kazi. Nilifika msibani asubuhi, watu wengi, masufuria makubwa ya ndizi yanasubiri maji. Awamu ijayo ilikuwa bado haijafika, kama mnavyojua awamu zetu. Wanawake walikuwa wanagawana madumu ya kushuka bondeni. Nikachukua moja. Mke wa mjukuu wake, binti mgeni aliyeolewa kutoka Biharamulo, hanijui, akanikimbilia akanishika mkono, akasema, "Bibi, wewe ni mgeni, na umri huu, kaa ndani na wazee."

Mjukuu mwenyewe alikuwa anapasua kuni pale pembeni. Hakuinua hata kichwa.

"Mwache," akamwambia mkewe. "Huyo ndiye bomba. Bibi alikuwa anasema hivyo kila akimngoja. Anasema, msichote, bomba langu linakuja Jumamosi."

Yule binti akaniachia mkono. Nikasimama pale uani na dumu tupu, mahali pale pale palipokuwa pasimame koki, mpaka wenzangu wakaanza kuniita. Kisha nikashuka.